Kung'arisha Meno kwa Daktari

Tangu muhula huu uanze nimeulizwa mara nyingi na wenzangu wa kidato cha sita habari za kung'arisha meno. Hata wanafunzi wa zamani waliotutembelea waliniuliza, kwa kuwa wajua napenda elimu ya viumbe. Wengi wataka meno meupe kabla ya kwenda kutafuta kazi. Hilo si jambo la kuchekwa. Lakini yafaa kwanza kujua jino lenyewe ni kitu gani.

Jino lina gamba gumu la nje, liitwalo enameli, nalo hupitisha nuru kidogo. Chini yake iko dentini, ambayo ni ya manjano. Kwa hiyo hata jino safi kabisa si jeupe kama karatasi. Enameli ikiisha hairudi tena. Hapo ndipo wakoseapo wale wanaosugua meno kwa ndimu na chumvi, au kwa mkaa uliosagwa: siku mbili tatu waona weupe, kumbe walimaliza gamba, na mwishowe manjano ya ndani hutokeza zaidi.

Madoa ya nje, ya chai, kahawa na tumbaku, pamoja na ukoga uliokauka, daktari huyaondoa kwa kusafisha tu, na pengine kazi yote huishia hapo. Madoa ya ndani ni habari nyingine. Yako ya jino lililokufa kwa kupigwa. Yako ya dawa ya tetrasaiklini aliyopewa mtoto mdogo. Tena yako yale ya maji.

Mwenzetu mmoja hapa ametoka Meru, karibu na Arusha, Tanzania. Meno yake ni ya kahawia, na alipofika kidato cha kwanza aliambiwa kwamba hapigi mswaki. Akazoea kucheka huku amefunika mdomo kwa mkono. Kumbe apiga mswaki kuliko sisi! Maji ya kwao, yapitayo katika mawe ya volkano, yana floridi nyingi, nayo huliharibu jino lingali likiumbwa ndani ya ufizi. Shirika la Afya Duniani lasema floridi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Madoa ya namna hiyo yalimshangaza daktari Frederick McKay alipofika Colorado Springs, Marekani, mwaka 1901. Ilipita miaka 30, hata 1931, ndipo ikajulikana kuwa sababu ni floridi.

Sasa dawa. Inayotumika ni haidrojeni peroksaidi, ambayo hupenya enameli na kuvunjavunja chembe zenye rangi. Kwa daktari nguvu yake huwa kama 25 hadi 40 kwa mia, na ufizi hufunikwa kwanza, maana huunguza. Kazi huchukua saa moja hivi. Njia ya pili ni kifuniko cha plastiki kilichotengenezwa kwa kipimo cha meno yako, ukitia dawa hafifu nyumbani kwa majuma mawili au zaidi. Mimi ningechagua hii ya pili. Ile taa ya buluu wanayomulikia meno huongeza bei kuliko weupe.

Kabla ya yote, daktari achunguze matundu na kuyaziba. Jino la bandia, na mahali palipozibwa, hapabadiliki rangi. Baada ya dawa meno huumwa na baridi siku chache, kisha hupoa. Weupe nao hupungua kadiri miezi ipitavyo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya asiyetimiza miaka 18 hapewi dawa hiyo, basi ninyi wa vidato vya chini ngojeni.

Mwenye madoa ya floridi amwulize daktari mapema, kabla ya kulipa, kwa kuwa peroksaidi peke yake yaweza kuyafanya mabaka meupe yaonekane zaidi. Yale ya kahawia daktari huweza kuyasugua kwa asidi na unga laini, akiondoa utando mwembamba tu wa juu.

Nanyi wanafunzi wa zamani mlio na watoto wadogo huko kwenye maji ya namna hiyo: kuchemsha hakuondoi floridi, bali maji yakipungua sufuriani yenyewe huzidi. Kinachofaa ni kichujio cha mkaa wa mifupa, au maji ya mvua, hata mtoto apite miaka 8.