Kuchi, Kishingo na Kidimu: Kutotolesha Mbegu Adimu za Kuku Uani

Sokoni, kuku wote wasio wa kisasa huitwa kwa jina moja: kuku wa kienyeji. Jina hilo linaficha mengi. Miongoni mwa kuku wa Tanzania na wa pwani ya Kenya yumo Kuchi, mrefu wa miguu na shingo, mwenye kusimama wima na undu mdogo kichwani. Yumo Kishingo, ambaye shingo yake haina manyoya. Na yumo Kidimu, ambaye manyoya yake hujikunja kuelekea nje kana kwamba amepigwa na upepo wa nyuma. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba Kuchi ana udugu wa karibu na kuku wa kupigana wa Asia ya Mashariki, hasa Shamo wa Japani.

Mbegu za namna hii hazipotei kwa kisu na maradhi peke yake. Hupotea zaidi kwa kuchanganyika, na kuchanganyika huko huanza katika yai. Mtetea akishapandwa na jogoo huhifadhi mbegu za kiume katika vijifuko vidogo sana vilivyomo ndani ya mrija wake wa mayai. Kwa muda wa wiki mbili, pengine tatu, mayai anayotaga huendelea kurutubishwa kwa akiba hiyo, hata kama jogoo mwenyewe hayupo tena. Kwa hiyo mfugaji anayewafungia Kuchi wake leo na kuanza kukusanya mayai kesho, huenda akaangua vifaranga wa jogoo wa jirani. Hana budi kuwatenga mitetea pamoja na jogoo anayemtaka, kisha angoje wiki tatu. Mayai ya wiki hizo tatu ni ya jikoni.

Baada ya kutenga, linakuja swali la nani apandishwe na nani. Hapa Kidimu ni mwalimu bora kuliko njegere za vitabuni. Ukidimu hutokana na hitilafu katika jeni moja inayohusika na keratini, yaani protini inayojenga unyoya. Jeni hiyo ilitambuliwa mwaka 2012. Kuku aliyerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja ndiye Kidimu tunayemfahamu. Aliyeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili huwa na manyoya membamba yanayokatika ovyo, na mara nyingi mwili hubaki wazi. Kuku huyo huteseka kwa baridi na mvua. Kidimu akipandishwa na Kidimu, matarajio ni robo ya vifaranga wawe wa manyoya laini, nusu wawe Kidimu wa kawaida, na robo wawe hao wenye kuteseka. Akipandishwa na kuku wa manyoya laini, nusu huwa Kidimu na nusu laini, wala hapatikani hata mmoja mwenye kuteseka. Idadi ya Kidimu ni nusu katika njia zote mbili! Anayedhani kwamba mbegu hutunzwa daima kwa kupandisha wanaofanana, hapa hupoteza robo ya vifaranga wake bila faida yoyote.

Kishingo hufuata kanuni hiyohiyo, ila bila madhara hayo. Mwenye jeni moja hupungukiwa na manyoya kwa kiasi cha asilimia 20 hivi, na kwa kawaida hubaki na kishada kidogo cha manyoya mbele ya shingo. Mwenye jeni mbili hupungukiwa kwa kiasi cha asilimia 40, na shingo huwa tupu kabisa au karibu na tupu. Wanafunzi wanaweza kuwatofautisha kwa macho tu, bila chombo chochote. Upungufu huo wa manyoya humsaidia kuku kupoza mwili katika nchi za joto. Katika nyanda za juu zenye baridi, vifaranga wa Kishingo huhitaji kutunziwa joto zaidi.

Jambo la tatu ni hesabu ya wazazi. Wafugaji wengi huweka jogoo mmoja kwa mitetea 10, na kwa biashara ya mayai inatosha. Kwa kutunza mbegu adimu haitoshi. Wataalamu wa uzalishaji hutumia kanuni ifuatayo, ambapo J ni majogoo na M ni mitetea:

N = (4 × J × M) ÷ (J + M)

N ni idadi ya wazazi yenye uzito halisi katika urithi. Jogoo 1 na mitetea 10 hutoa N ya 3.6 tu. Majogoo 3 na mitetea 8, yaani kuku 11 walewale kwa idadi na kwa gharama ya chakula, hutoa 8.7. Kasi ya kuzaliana ndugu kwa ndugu katika kila kizazi hupatikana kwa kugawanya 1 kwa 2N: asilimia 14 hivi katika kundi la kwanza, asilimia 6 katika la pili. Dalili za kuzaliana huko ni mayai mengi kutoanguliwa na vifaranga kuwa dhaifu. Ni kweli kwamba majogoo watatu wa Kuchi hawakai banda moja kwa amani. Yapasa kila mmoja awe na chumba chake na mitetea wake, na vizazi vinavyofuata vibadilishane majogoo. Shule mbili za jirani zaweza kufanya hivyo bila shida.

Kuhusu kuatamia, Kuchi ni mzito, na mara nyingine huvunja mayai kwa miguu. Ni heri mayai yake apewe mtetea mdogo aliyetulia, mayai 10 au 12, kila moja likiwa na alama ya penseli inayotaja wazazi. Yasioshwe, wala yasikae zaidi ya siku 7 kabla ya kuwekwa. Penye mashine ya kutotolea yenye feni, joto liwe nyuzi 37.5 za Selsiasi, na mayai yageuzwe mara tatu au zaidi kwa siku mpaka siku ya 18. Kisha yaachwe bila kuguswa, na unyevu uongezwe hadi siku ya 21.

Mizani ya maabara inafaa sana hapa. Kufikia siku ya 18, yai hupoteza maji kiasi cha asilimia 12 ya uzito wake kupitia vitundu vya ganda. Yai la gramu 45 lapaswa kuwa karibu na gramu 39.6. Likipungua kidogo mno, unyevu umezidi. Likipungua mno, unyevu haukutosha. Vifaranga wakishaanguliwa, wapatiwe chanjo ya mdondo mapema, kwani ugonjwa huo waweza kulimaliza kundi zima kwa wiki moja.

Yasiyoanguliwa yasitupwe kabla ya kupasuliwa darasani. Yai lenye kiini cha kawaida na lisilo na dalili ya damu kwa kawaida halikurutubishwa: atazamwe jogoo. Pete ya damu huonyesha kiinitete kilichokufa katika siku za mwanzo, na sababu yaweza kuwa mayai kukaa mno kabla ya kuatamiwa. Yaweza pia kuwa urithi: kwa Chabo wa Japani, mwenye miguu mifupi, robo ya mayai ya wazazi wawili wenye ufupi huo hufa katika siku za mwanzo, na kati ya vifaranga wanaosalia wafupi huwa wawili kwa kila mrefu mmoja. Kifaranga kamili aliyefia ndani ya ganda mara nyingi aliharibiwa na joto au unyevu wa siku za mwisho. Alama ya penseli ndiyo itakayoonyesha kama vifo vimetawanyika katika mayai yote, au vimekusanyika kwa wazazi wamoja.