Kolesteroli Ikipanda, Tafuta Chanzo: Mwongozo kwa Wafanyakazi

Kolesteroli, au lehemu, ni mafuta yanayohitajika mwilini, na sehemu kubwa hutengenezwa na ini. Aina ya LDL ikizidi hujijenga kwenye kuta za mishipa ya damu, na mwisho wake waweza kuwa shambulio la moyo au kiharusi. Kwa kawaida kolesteroli iliyopanda haina dalili. Mtu huendelea na kazi akijiona mzima. Kipimo cha damu ndicho huibaini, na majibu yakiwa juu, kazi ya kwanza ni kutafuta chanzo.

1. Chakula. Nyama yenye mafuta, samli, siagi, mafuta ya nazi na mafuta mgando ya kukaangia hupandisha LDL. Pikia mafuta ya alizeti kwa kiasi, na ongeza maharage, mboga na samaki.

2. Mwenendo wa kazi. Dereva wa lori, karani na fundi cherehani hukaa kutwa. Kutofanya mazoezi, unene na sigara hupunguza HDL, aina inayorudisha lehemu kwenye ini. Pombe nyingi huongeza mafuta mengine ya damu, trigliseridi. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki; kutembea kwa haraka kunatosha.

3. Maradhi na dawa. Kisukari, udhaifu wa tezi ya thairoidi na baadhi ya magonjwa ya figo na ini huvuruga mafuta ya damu. Vivyo hivyo steroidi, baadhi ya dawa za presha na baadhi ya dawa za VVU. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako, mweleze daktari.

4. Urithi. Takriban mtu 1 kati ya 250 huzaliwa na hitilafu inayopandisha LDL, hata awe mwembamba na mlaji wa mboga. Kila mtoto wake ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi. Ikiwa baba au kaka alipata shambulio la moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 65, pima mapema.

Hatua za kuchukua

Omba kipimo kinachotenganisha LDL, HDL na trigliseridi. Jumla ya kolesteroli ikifika 5 mmol/L au zaidi, muulize daktari kama sukari, figo, ini na tezi vipimwe pia. Ukiandikiwa dawa, imeze kila siku. Majibu yakishuka, dawa inafanya kazi. Usiiache bila ushauri wa daktari.