SOMO LA LEO: JARIBU KIDOGO KABLA YA KUKOPA



Mavuno yakiisha, wengi wetu tunapata fedha kidogo mkononi. Ndipo mawazo ya biashara yanapokuja. Mmoja anataka duka, mwingine anataka mashine ya kusaga. Si vibaya. Lakini tumeona watu wakiuza ng'ombe ili waanze biashara, halafu wateja hawaji. Bidhaa zinaharibika, deni linabaki. Leo tujifunze namna ya kujua kama wateja wapo, kabla fedha nyingi hazijatoka.

Kusifiwa si kununuliwa

Ukimwuliza jirani, "Nikioka mikate utanunua?" atajibu, "Aa, wewe lete tu!" Hasemi uongo. Anakutia moyo, maana ni jirani yako. Lakini maneno matupu hayavunji mfupa. Mteja wa kweli ni yule anayetoa fedha, na kesho anarudi bila kuitwa.

Basi uliza mambo yaliyokwisha kutokea: "Juzi asubuhi mlikunywa chai na nini? Mlinunua wapi? Kwa bei gani?" Majibu hayo yana faida kuliko ahadi. Kisha uza kidogo, uone.

Mfano wa hesabu

Tuseme akina mama watano wanataka kukopa sh. 2,000,000 wajenge tanuri la mikate. Kabla ya kukopa, wanajaribu. Wanaokea kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu. Mkate mmoja unawagharimu sh. 800. Wanauza sh. 1,000. Wanaoka mikate 20 kila siku. Daftari lao la mauzo linaonyesha hivi:

Jumatatu: 18
Jumanne: 11
Jumatano: 9
Alhamisi (siku ya gulio): 20
Ijumaa: 10
Jumamosi: 12
Jumla: 80

Wameoka mikate 120. Gharama ni 120 × 800 = sh. 96,000. Mauzo ni 80 × 1,000 = sh. 80,000. Hasara ni sh. 16,000.

Je, fedha hiyo imepotea bure? Hapana. Wamejifunza. Jumatatu ndugu na majirani walinunua ili kuwaunga mkono, kesho yake wengi hawakurudi. Siku ya gulio mikate yote iliisha.

Wiki ya pili wanaoka mikate 10 siku za kawaida na 30 siku ya gulio. Jumla ni mikate 80, gharama sh. 64,000. Wanauza mikate 78, wanapata sh. 78,000. Faida ni sh. 14,000.

Sasa tutazame ule mkopo. Sh. 2,000,000 zikilipwa kwa wiki 50, ni sh. 40,000 kila wiki, riba bado. Faida ya sh. 14,000 haifiki hata nusu. Wangekopa kwanza, deni lingelipwa kwa mbuzi na mabati ya nyumba. Kwa kuwa walijaribu, bado wana nafasi ya kubadili mpango. Wanaweza kuoka siku ya gulio tu, kwenda gulio la kijiji kingine, au kupika kitu ambacho wateja wenyewe wanakiulizia.

Hata wakubwa hujaribu

Mwezi Oktoba 2005, nchini Kenya, kampuni za Safaricom na Vodafone zilianza kujaribu huduma ya fedha kwa simu. Hazikuanza nchi nzima. Zilianza na wateja wasiozidi 500 na mawakala 8, katika Nairobi na Thika.

Shabaha ilikuwa kwamba watu waliokopa mikopo midogo walipe marejesho kwa simu. Lakini wateja wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao. Kampuni hazikuwakataza. Zilitazama, zikaelewa kwamba hiyo ndiyo shida ya watu. Huduma ilipofunguliwa kwa nchi nzima Machi 2007, ilitangazwa kuwa njia ya kutuma fedha nyumbani. Hiyo ndiyo M-Pesa. Mwaka 2008 ilifika Tanzania.

Tukumbuke

1. Anza na fedha ambayo ikipotea, watoto hawatalala njaa.
2. Andika kila siku: umetengeneza ngapi, umeuza ngapi, nani amerudi.
3. Hesabu na jasho lako. Ile sh. 14,000 wakigawana watano, kila mmoja anapata sh. 2,800 kwa kazi ya wiki nzima.
4. Mteja akikuonyesha njia nyingine, usishindane naye.
5. Daftari likikataa, usikope.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Kwa nini mauzo ya Jumatatu yaliweza kuwadanganya akina mama hawa?
2. Wakitaka faida ya sh. 40,000 kwa wiki, ni lazima wauze mikate mingapi, kama hakuna unaobaki? Kijijini kwenu wanunuzi hao wapo?
3. Taja biashara moja mnayoifikiria. Mtaijaribu vipi kwa wiki mbili, bila kukopa?