Picha Isiyo na Jina: Somo juu ya Kutunza Vitu vya Ukumbusho

Katika somo la mwezi huu twataka kutazama jambo lionekanalo kuwa dogo, nalo ni utunzaji wa picha na vitu vya ukumbusho. Ili tusiseme maneno matupu, tumechagua mji mmoja uwe mfano wetu, yaani Saranac Lake, ulio katika milima ya Adirondack, kaskazini mwa jimbo la New York, Marekani. Kwa muda wa miaka sabini hivi mji huo ulijulikana kuwa mji wa wagonjwa wa kifua kikuu. Wagonjwa hao hawapo tena. Zimebaki picha zao, barua zao na kazi za mikono yao, na vingi vya vitu hivyo havina jina la mwenyewe.

Neno tutakalolishika ni hili: kitu cha ukumbusho hupotea mara mbili. Hupotea karatasi inapooza, tena hupotea yule ajuaye habari zake anapokufa bila kuziandika. Watu wengi huogopa upotevu ule wa kwanza, kumbe huu wa pili ndio utanguliao.

1. Habari za mji wenyewe

Edward Livingston Trudeau alikuwa tabibu, mzaliwa wa mji wa New York, mwaka 1848. Katika ujana wake alimwuguza ndugu yake hata akafa kwa kifua kikuu. Baadaye yeye mwenyewe akapatwa na ugonjwa huo huo. Mwaka 1873 alikwenda katika milima ya Adirondack, naye hakutumaini kuishi siku nyingi. Lakini huko akapata nafuu, na mwaka 1876 akahamia Saranac Lake pamoja na jamaa yake.

Siku zile dawa ya ugonjwa huo haikuwako. Mwaka 1882 Robert Koch wa Ujerumani alitangaza kwamba amekigundua kijidudu kiuletacho, lakini kukijua kijidudu si kukiua. Matabibu wengine wa Ulaya, kama Hermann Brehmer, walikuwa wakiwatunza wagonjwa wao kwa hewa safi ya milimani, chakula cha kutosha na mapumziko marefu. Trudeau alisoma habari hizo, na mwaka 1884 akaanzisha mahali pa wagonjwa kwa njia ile ile. Nyumba yake ya kwanza ilikuwa ndogo sana, imepakwa rangi nyekundu, na wa kwanza kukaa humo walikuwa ndugu wawili wa kike waliofanya kazi katika kiwanda mjini New York. Mwaka 1894 alijenga maabara, nayo ilikuwa ya kwanza katika Marekani kujengwa kwa ajili ya kuchunguza kifua kikuu. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1915.

Wagonjwa walizidi kuja, hata wenyeji wa mji wakaongeza baraza katika nyumba zao ili kuwapokea. Juu ya baraza hizo wagonjwa walilala mchana katika viti virefu, saa nyingi kila siku, hata wakati wa theluji, wamejifunika mablanketi na makoti mazito. Wengine walikuwa watu mashuhuri: mwandishi Robert Louis Stevenson alikaa huko katika baridi ya mwaka 1887 na 1888, na Manuel Quezon, Rais wa Ufilipino, alifia huko tarehe 1 Agosti 1944. Lakini walio wengi walikuwa makarani, watumishi, walimu na wafanyakazi wa viwanda. Dawa ya streptomisini ilipopatikana katika miaka ya 1940, na nyingine baada yake, haja ya kulala barazani ikapungua. Mahali pale alipopaanzisha Trudeau palifungwa mwaka 1954.

2. Kwa nini picha ni nyingi na majina ni machache

Mgonjwa aliyeamriwa kupumzika ana siku ndefu. Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ilianza kuuza kamera ndogo iliyoitwa Brownie kwa dola moja, na tangu hapo hata mtu asiye tajiri aliweza kupiga picha. Wagonjwa wakapigana picha barazani, wakazipeleka nyumbani ili mama zao waone kwamba mashavu yamejaa. Mpiga picha wa mji, William Kollecker, naye alipiga picha za nyumba na watu wake kwa miaka mingi. Tena wagonjwa walifanya kazi nyepesi za mikono, na baadhi ya kazi hizo zingalipo.

Basi, kwa nini majina hayapo? Sababu ya kwanza ni upendo wenyewe. Mtu apelekaye picha kwa mama yake haandiki jina lake, maana mama anaujua uso wa mwanawe. Mama akiisha kufa, na dada akiisha kufa, picha huangukia mikono ya mjukuu asiyeujua uso ule. Sababu ya pili ni haya. Katika jamaa nyingi kifua kikuu kilinyamaziwa. Ilisemwa tu kwamba fulani "alikwenda milimani", na habari zikaishia hapo.

Kuna na woga. Mtu akipata kikombe au barua ya marehemu aliyekuwa na kifua kikuu, aweza kufikiri kuvichoma moto. Yafaa tujue kwamba ugonjwa huu huenea kwa njia ya hewa, kutoka kwa mgonjwa akohoaye. Haupatikani kwa kushika picha au barua ya zamani. Tusiteketeze kwa woga kitu ambacho hakituletei hatari.

3. Jinsi ya kuisoma picha

Tuseme umepata picha moja ya namna hiyo. Mwanamke kijana amelala kitini barazani, mablanketi hata kidevuni, naye anacheka. Nyuma pameandikwa maneno haya tu: "Mimi hapa, juma la sita." Hatujui ni nani. Je, tuitupe? Hasha. Na tuiulize maswali kwa taratibu.

Kwanza, tutazame nyuma kabla ya mbele. Je, kuna mhuri wa mpiga picha? Je, ni kadi ya posta? Katika Marekani, kabla ya mwezi wa Machi 1907 haikuruhusiwa kuandika ujumbe upande wa anwani. Kwa hiyo kadi yenye mstari wa kugawanya upande huo kwa kawaida si ya kabla ya mwaka huo. Mhuri wa posta, ukiwapo, hutaja siku na mahali. Pili, tutazame nyumba: madirisha ya baraza, nguzo zake, ngazi, na mlima ulio nyuma yake. Nyumba nyingi za wagonjwa zingali zimesimama Saranac Lake, na baraza moja yaweza kutambulikana kwa kulinganishwa na picha nyingine. Tatu, tutazame vitu vilivyokuwa pamoja na picha ndani ya bahasha au sanduku moja, kwa kuwa jirani wa picha huwa shahidi wake. Kwa sababu hiyo tusizitenganishe kabla ya kuandika zilikuwa zimepangwaje. Nne, na hili lapita yote, tuwaulize wazee waliobaki leo, tusingoje mwakani.

4. Jinsi ya kuandika

Tukiisha kupata jina, tuliandike. Tulaze picha kifudifudi juu ya meza safi na ngumu, tuandike kwa kalamu ya risasi iliyo laini, karibu na ukingo, bila kukandamiza. Wino haufai, maana huweza kupenya hata upande wa mbele au kuambukiza picha iliyo chini. Ikiwa mgongo wa picha unateleza kama plastiki, risasi haishiki. Hapo tuandike juu ya bahasha, kisha tuitie picha ndani.

Tuandike mambo manne: nani, wapi, lini, na nani aliyetuambia. Hilo la nne husahauliwa sana. Tena tutofautishe tulijualo na tulidhanilo. Tukidhani kwamba ni shangazi, tuandike "labda". Neno hilo moja litamwokoa msomaji wa kesho asidanganyike kwa ajili yetu.

5. Jinsi ya kutunza

Maadui wa picha ni maji, joto, mwanga, wadudu na mikono yetu wenyewe. Tunawe mikono na kuikausha, tena tushike picha pembezoni. Tusiziweke darini penye joto wala chini penye unyevu. Chumba cha kukaliwa, kikavu, chenye ubaridi, chafaa zaidi. Bahasha na masanduku yawe ya karatasi isiyo na asidi. Tusitumie selotepu, wala gundi, wala vibanio vya chuma vishikavyo kutu. Albamu zenye kurasa za kunata zimeharibu picha nyingi. Lakini picha iliyokwisha kunata tusiing'oe kwa nguvu, bali tuinakili ikiwa ingali hapo hapo.

Mabamba ya kioo yasimamishwe wima, kila moja katika karatasi yake, yasilundikwe. Filamu za zamani za naitreti zinahitaji hadhari kubwa zaidi, maana hushika moto upesi na huwaka kwa ukali. Filamu ya zamani ikinata, ikigeuka rangi ya manjano na kutoa harufu kali, iwekwe mbali na joto na moto, na wajuzi waulizwe.

Siku hizi tunaweza kunakili picha kwa mashine. Nukta 600 kwa kila inchi zatosha kwa picha nyingi za karatasi. Nakala ziwekwe mahali zaidi ya pamoja. Lakini nakala si sababu ya kuitupa ile ya asili, kwa kuwa mgongo wake, mhuri wake na hata mikunjo yake ni sehemu ya habari.

6. Mahali pa kuvipeleka

Mwaka 1980 kilianzishwa chama kiitwacho Historic Saranac Lake, kwa ajili ya kuhifadhi majengo na habari za mji ule. Maabara ya Trudeau ya mwaka 1894 imekuwa nyumba ya makumbusho, na maktaba ya mji inazo picha nyingi za Kollecker. Mtu aliye na kitu cha huko aweza kukipeleka kikakae na wenzake. Picha isiyo na jina hupata jina upesi zaidi ikiwekwa karibu na nyingine elfu. Lakini kabla ya kutoa, jamaa wapatane, kisha waandike ni kitu gani kitolewacho na kwa masharti gani. Katika barua za wagonjwa mna siri za mwili na za moyo. Si kila moja yafaa kusomwa na watu wote mara moja, nayo makumbusho mema huheshimu mapatano ya namna hiyo.

Tena iko kazi isiyohitaji safari wala fedha. Katika nyumba zetu nyingi mna bahasha ya picha ambazo mtu mmoja tu anaweza kuzitaja nyuso zake zote. Huyo na aketishwe juma hili, pamoja na kalamu ya risasi.

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini jina hupotea kabla ya karatasi?
2. Mhuri wa posta na baraza ya nyumba vyatusaidiaje kujua picha ni ya lini na ya wapi?
3. Ni mambo gani manne ya kuandika nyuma ya picha, na kwa nini lile la nne ni la lazima?
4. Katika jamaa yako, ni nani ajuaye nyuso ambazo wengine hawazijui, nawe utamwuliza lini?