Somo: Washona Mahema Waliofukuzwa
Soma: Matendo ya Mitume 18:1-3, 24-26

Sisi tuliokimbilia Gasorwe kutoka Kongo tuliacha mashamba na kazi zetu. Akila na Prisila nao walifukuzwa Roma kwa amri ya Kaisari Klaudio. Huko Korintho walishona mahema, wakampokea Paulo, wakafanya kazi pamoja. Baadaye, Efeso, walimwita Apolo kwao wakamwongezea mafundisho. Walipoteza makao, hawakupoteza ufundi wala wito.

Sisi wachungaji tumekosa: tunamwombea kijana asiye na kazi, kisha tunamwacha aende. Fundi cherehani, mketishe mmoja kando yako. Ajifunze kushona, ajifunze na kuomba.

Swali: Juma hili utamwita nani?