TAA ZA SIKUKUU NA MACHO YETU



Siku hizi umeme umefika katika vijiji vingi. Wakati wa Krismasi, Idi na harusi, watu hupamba nyumba na maduka kwa taa ndogo za LED zilizofungwa kwenye waya mrefu. Taa hizo zinapendeza, tena hazili umeme mwingi. Lakini baadhi yake huchosha macho.

Desemba iliyopita, mama mmoja fundi cherehani alikuja katika zahanati yetu. Kichwa kilimwuma kila usiku. Nilimpima malaria, hakuwa nayo. Shinikizo la damu lilikuwa la kawaida. Nikamwuliza, "Mama, usiku unashona kwa mwanga gani?" Akajibu, "Kwa taa za mapambo, mwanangu. Balbu kubwa nimeizima." Nilimshauri aiwashe. Baada ya wiki moja alikuja kuniambia kwamba kichwa kimepoa.

KWA NINI MWANGA HUCHEZACHEZA?

Umeme wa gridi huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Balbu ya zamani ina waya wa moto ambao haupoi upesi. Kwa hiyo mwanga wake haupungui sana. Lakini LED huzima mara tu umeme unapopungua. Taa nyingi za bei rahisi huwaka na kuzima mara 50 au 100 kila sekunde. Wengi wetu hatuoni jambo hilo, lakini macho huchoka na wengine huumwa kichwa.

JINSI YA KUPIMA

Usiku, washa taa hizo peke yake. Chukua kijiti cheupe, ukipunge haraka mbele yake. Ukiona ukungu mmoja, mwanga umetulia. Ukiona vijiti vingi vilivyoachana kama meno ya kitana, mwanga unachezacheza.

TUFANYE NINI?

1. Taa za mapambo ziwe za mapambo tu. Kusoma na kushona tutumie taa iliyotulia.
2. Kama zina kitufe, tukibonyeze mpaka ziwake bila kumwekamweka.
3. Tusizitundike mbele ya macho wala karibu na kitanda.

WENYE KIFAFA

Mwanga unaomweka mara 3 hadi 30 kwa sekunde unaweza kumwangusha mtu mwenye kifafa. Hawa si wengi: kati ya wagonjwa 100 ni kama 3. Akianza kujisikia vibaya, afunike jicho moja kwa kiganja na aondoke hapo.

Akianguka, ondoa vitu vigumu karibu naye. Mlaze ubavu. Usimtie kitu mdomoni wala usimkandamize. Usiogope kumgusa, kifafa hakiambukizi. Degedege likizidi dakika 5, mpelekeni hospitali.

Kichwa kikiendelea kuuma hata baada ya kubadili taa, njoo zahanati. Yapo maradhi mengi yanayoumiza kichwa.

MASWALI

1. Kwa nini fundi cherehani aliumwa kichwa?
2. Mtu akianguka kifafa, tusifanye nini?