SOMO LA WIKI: Lambo la ukubwa gani litakuvusha Oktoba?

Bei ya mboga na ng'ombe katika masoko ya Musoma na Bunda hufuata maji. Wiki hii tunaeleza hesabu ambayo kila kikundi kinachotaka kukopa ili kuchimba lambo, iwe Mwitongo au kwingineko Butiama, kingepaswa kuwa nayo mkononi.

Ni mchoro wa jumla ya maji, njia iliyoelezwa na mhandisi Rippl mwaka 1883. Kwa mwenye duka si ngeni: ni daftari la mapato na matumizi. Maji yaliyoingia kila mwezi hujumlishwa juu ya yale ya miezi iliyotangulia, kisha huchorwa. Wakati wa mvua mstari hupanda, kiangazi hulala. Mahitaji, yakiwa sawa kila mwezi, ni mstari ulionyooka.

Tuchukue mfano wa kubuni, kwa mita za ujazo. Machi hadi Mei zimeingia 84,000. Juni hadi Oktoba, 12,000 tu. Novemba hadi Februari, 42,000. Mifugo, bustani na kaya hutumia 10,000 kwa mwezi. Anzisha mstari wa mahitaji kwenye kilele cha mwisho wa Mei, kisha pima pengo kubwa kuliko yote lililo chini yake. Liko mwisho wa Oktoba: 50,000 kutoa 12,000, yaani 38,000. Hicho ndicho kipimo cha lambo.

Sasa bustani zikiongezeka na matumizi yakafika 12,000 kwa mwezi, mwaka unahitaji 144,000 wakati yanayoingia ni 138,000. Hapo kuchimba zaidi ni kuzika fedha, maana lambo hutunza maji, haliyazai.

Mvuke na tope navyo vihesabiwe kama wateja wasiolipa. Tena mwaka mmoja hautoshi. Mchoro uwe na miaka ya ukame ndani yake. Waliokuwa na mashine za kusaga wakati wa mgawo wa umeme wa 1992 na 1994, maji ya Mtera yalipopungua, wanajua gharama yake.

Mradi wa Mugango–Kiabakari–Butiama, unaovuta maji ya Ziwa Viktoria, ulisanifiwa kwa lita milioni 35 kwa siku. Lambo letu la mfano lingeulisha siku moja na saa mbili hivi. Lakini ng'ombe walio mbali na bomba bado hunywa lamboni. Mwenye lambo la zamani asimamishe mti wenye alama na kuandika kina cha maji kila Jumatatu, kuanzia mvua zijazo.